Nguo Arobaini Nyeupe na Pampu ya Masitiki

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mugisho alitia mafuta.

Alianza na cherehani. Alikiinamisha kichwa cha mashine, akadondosha tone hapa na tone pale, akazungusha gurudumu huku akisikiliza kwa makini. Kisha alikwenda kwenye bawaba za mlango. Kisha kufuli. Kisha mkasi. Siku moja mke wake, Perpétue, alimkuta amechuchumaa uani, anatia mafuta kwenye mlango wa banda la kuku.

"Baba Emile, hata kuku nao?"

"Chuma ni chuma, mama," Mugisho alijibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, bila kugeuka. "Chuma bila mafuta njo mtu bila chakula."

Perpétue alicheka mpaka akashika mlango. Mlango wenyewe ulikuwa umetiwa mafuta, ukateleza, nusura aanguke.

Walikuwa washonaji, wote wawili. Walitoka Bukavu wakati wa vita, wakaingia Kampala na mtoto mmoja mgongoni na cherehani moja kichwani. Sasa mtoto alikuwa anasoma mbali, na wao walikuwa na nyumba ndogo chini ya kilima cha Lubaga. Nyuma ya nyumba hiyo Mugisho alijenga chumba cha kushonea kwa mikono yake. Kilikuwa chumba chenye mwanga mzuri. Kilikuwa na dirisha kubwa la chuma, na paa la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba. Kilikuwa na kasoro moja tu. Kilivuja.

Maji yaliingia pale mabati yalipokutana na ukuta. Yaliingia pia pembeni mwa dirisha, kati ya chuma na matofali. Zamani Mugisho aliziba nyufa hizo kwa sabuni ya mche. Mvua ikinyesha, ukuta ulitoa povu. Majirani walicheka sana. Lakini mwaka ule hakuna aliyeweza kuziba ukuta kwa sabuni. Sabuni ilikuwa adimu, sukari ilipigiwa foleni tangu alfajiri, na kitambaa cheupe kizuri kilikuwa kimesahaulika mjini.

Kwa hiyo Katekista Tarcisio wa parokia alipoingia na majora mawili ya kitambaa cheupe, Perpétue aliinuka kwenye kiti kama ameona mgeni wa heshima.

"Karibu, baba! Hii umeitoa wapi?"

"Kwa wafadhili," alisema Tarcisio. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye haraka siku zote. "Imepita Nairobi. Imelala mpakani wiki sita. Mama Emile, sikiliza. Watoto arobaini wanapokea Komunyo ya Kwanza siku ya Kristo Mfalme. Gauni za wasichana, shati za wavulana. Kitambaa ni hiki tu. Kikiharibika, hakuna kingine."

"Siku ya Kristo Mfalme? Si wiki tatu hizi?"

"Wiki tatu. Mtaweza?"

Perpétue alimtazama mumewe. Mugisho alikuwa tayari ameshika pembe ya kitambaa, anakipapasa kwa vidole viwili. Macho yake yaling'aa.

"Tutaweza," alisema. "Tutaweza mpaka ushangae."

Walianza siku hiyohiyo. Mugisho alikata, Perpétue alishona. Moyo wa Perpétue ulikuwa mwepesi. Hakuwahi kupewa kazi kubwa namna ile. Aliwaona watoto wote arobaini mbele ya macho yake, wanapanda kilima kwa mstari, weupe pepe.

Siku ya nne mvua ya mchana ilikuja. Ilikuja ghafla, kama ilivyo desturi yake Novemba. Kabla Perpétue hajainua kichwa, tone lilidondoka kwenye mkono wa gauni. Halikuwa tone la maji safi. Lilikuwa limepita kwenye kutu ya mabati, nalo lilikuwa jekundu kama chai ya rangi.

"Baba Emile!"

Walikusanya kila kitu, wakakimbilia ndani ya nyumba. Lakini ndani kulikuwa na chumba kimoja, kitanda na jiko la mkaa. Hapakuwa na mahali pa kushonea, na moshi nao ungeharibu kitambaa. Walikaa wamekumbatia nguo kwa saa mbili. Ule mkono wa gauni uliokolewa kwa limau na chumvi, tena kwa shida.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Kila wingu lilipotokea waliacha kazi, wakabeba, wakakimbia. Nusu ya siku ilipotea. Perpétue alipiga hesabu kwa vidole. Kwa mwendo ule, watoto kumi wangekosa nguo. Tena hiyo ni kama hakuna tone jingine litakalodondoka.

Tarcisio alipopita aliona mambo yalivyo. Jioni alirudi na makopo matatu marefu ya karatasi ngumu. Kila kopo lilikuwa na mdomo mrefu mbele.

"Hii ni masitiki," alisema. "Ni dawa ya nyufa. Ni laini kama uji mzito, lakini ikikaa ukutani inashika, na maji hayapiti. Yalibaki zamani tulipotengeneza madirisha ya ukumbi. Ni matatu tu. Pampu yake ya kusukumia imepotea. Mtafute pampu."

"Nyufa zinahitaji makopo mangapi?" aliuliza Perpétue.

"Mawili, mkienda kwa uangalifu."

"Basi tuna moja la akiba," alisema Mugisho. "Mungu ni mwema."

Asubuhi alivaa shati la Jumapili, akaenda mjini kutafuta pampu.

Kulikuwa na duka moja la vyuma lenye mwenyewe mpya. Mwenyewe wa zamani alikuwa Mhindi, naye aliondoka na sanduku moja kama wenzake, serikali ilipowafukuza. Mwenyewe mpya alipewa duka na funguo. Ujuzi wa vitu vilivyomo hakupewa. Nusu ya vitu vile hakujua hata majina yake. Lakini mtu akikosa akili ya jambo hutafuta njia, naye aliipata. Aliweka mizani juu ya meza, akauza kila kitu kwa uzito: misumari, bawaba, nyundo, mabomba, vyote.

Mugisho alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alikuwa amebeba kitu kizito kwenye gazeti.

"Mama! Njoo uone! Alikuwa nazo tatu. Nikamwuliza, ipi nzuri? Akasema, bwana, nzuri ni nzito. Tukazipima zote. Hii njo mama yao. Kilo mbili na robo!"

Kwa hesabu hiyo, jiwe la kusagia lingekuwa chombo bora kuliko vyote. Lakini Perpétue naye alikuwa na furaha, na furaha haina mizani. Waliweka kopo la kwanza kwenye pampu. Mugisho alisimama juu ya kiti, akaelekeza mdomo kwenye ufa, akabana.

Hakuna kilichotoka.

Alibana tena. Hakuna. Alibana kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikasimama. Pampu ikalia *ka!* na bonge la masitiki likaruka, likapiga ukuta, likaning'inia. Alibana tena. *Ka!* Bonge jingine. Kisha aliacha kubana, lakini masitiki haikuacha. Ilizidi kutoka yenyewe, ikadondoka kwenye kiti, kwenye kiatu, sakafuni.

"Izuie!" Perpétue alipiga kelele.

"Haizuiliki!"

Alibana mara ya mwisho, kwa hasira. Kopo likapasuka nyuma. Masitiki yote ikamwagika kwenye mikono yake na kwenye shati la Jumapili.

Nje, wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa ziwa. Perpétue alianza kukusanya nguo nyeupe, huku Mugisho akijifuta mikono kwa gazeti.

Jirani yao Atim aliwakuta hivyo. Atim alikuwa mke wa Ogwal, polisi aliyetoka kaskazini, ambaye siku zile alionekana nyumbani mara chache. Kila asubuhi Atim alipanda basi kwenda Kyambogo, kwenye chuo cha ufundi. Yeye alikuwa mtunza stoo. Kwa miaka sita alikuwa akitoa vyombo asubuhi na kuvipokea jioni.

"Wee, Mugisho," alisema mlangoni, kwa Kiswahili chake cha kaskazini. "Wewe naoga masitiki?"

Perpétue alikuwa karibu kulia, lakini alicheka. Alimweleza yote. Atim aliichukua pampu, akaigeuzageuza, akaiweka chini.

"Mimi si fundi," alisema. "Fundi najua kutengeneza. Mimi najua kitu gani jioni inarudi mzima, na kitu gani inarudi imevunjika. Na hii, dada yangu, hii inarudi imevunjika. Kila siku."

"Lakini iko nzito," alisema Mugisho.

"Nzito iko. Hata maiti iko nzito. Kuja, tazama fimbo yake." Aliwaonyesha ile fimbo ndefu ya chuma inayosukuma kopo kwa nyuma. "Fimbo iko na meno, kama msumeno. Unabana, jino moja inaruka. Meno yenyewe makubwa, tena imelika. Ndiyo maana inakataa, inakataa, halafu inatupa bonge. Sasa tazama hii sahani huku mbele ya fimbo."

"Imepinda," alisema Perpétue.

"Imepinda. Haisukumi kopo katikati. Inauma pembeni, kopo inapasuka. Na ukitaka kusimama, unasimamisha na nini? Hapana kitu. Nguvu inabaki ndani, masitiki inaendelea kutoka." Alimgeukia Mugisho. "Huyo mtu amekuuzia chuma. Pampu hajakuuzia."

Mugisho aliinamisha kichwa. Perpétue alimwonea huruma, lakini alihisi kitu kingine pia. Ilikuwa hamu. Kama ubaya wa chombo unaweza kuonekana kwa macho, basi uzuri nao unaweza kuonekana.

"Dada Atim, utanionyesha nzuri?"

"Ya chuo haitoki getini, askari napekua mifuko. Lakini Jumamosi mchana sina kazi. Tutakwenda Kikuubo, kwa Rukiah. Na jambo moja. Kule kazini vijana naita kitu hii bunduki ya masitiki. Wewe njiani sema pampu. Siku hizi kuna maneno ya kuacha nyumbani."

Jumamosi walikwenda. Kikuubo, kichochoro cha maduka katikati ya mji, ilijaa watu waliokuwa wanatafuta kitu chochote kinachouzwa. Perpétue alimfuata Atim kati ya magunia na mikokoteni. Hakuwahi kwenda kununua chombo cha ujenzi maishani mwake. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Alijikuta anatembea mbele ya Atim.

Rukiah alikuwa mama mnene wa Kiganda, mwenye kibanda chembamba. Miaka mingi aliuza katika duka la vyuma la Mhindi. Duka lilipokwenda, yeye alibaki na ujuzi, akaanza upya na masanduku machache.

"Pampu ya masitiki? Bambi, jamani, mwaka mzima haijaulizwa na mtu!" Alitumbukiza mikono kwenye sanduku la unga wa mbao, akatoa pampu nne. "Haya, nnyabo, mama yangu, chagua."

Atim alikunja mikono kifuani. "Mama Emile, chagua wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye utaishika. Mkono wako unashona mstari wa moja kwa moja. Ya Mugisho natupa mabonge."

Perpétue alitazama zile pampu. Moja ilikuwa na rangi nyekundu nzuri, inang'aa. Aliichukua kwanza, kama mtu yeyote angefanya. Kisha alitazama fimbo yake. Ilikuwa na meno. Akairudisha. Rukiah alitabasamu.

Ya pili ilikuwa na fimbo laini, bila meno. Aliijaribu mkononi. Vidole vyake havikufika vizuri kwenye mkono wa kubana. Ilikuwa imetengenezwa kwa mtu mwenye mikono mikubwa.

"Ukifanya kazi na hiyo saa moja, kidole kitalia," alisema Atim. "Weka chini."

Zilibaki mbili. Zote zilikuwa na fimbo laini, zote zilimtosha mkononi. Rangi zake zilikuwa zimechubuka. Perpétue hakuona tofauti.

"Sasa uzipige mtihani," alisema Atim. "Bana mara kumi, tazama fimbo inakwenda namna gani."

Perpétue alibana ya kwanza. Fimbo ilisogea sana, kisha kidogo, kisha sana. Alibana ya pili. Ilisogea kidogo. Kidogo. Kidogo. Kila mara sawasawa, kama cherehani inavyopiga mshono.

"Hii!" alisema kwa sauti, mpaka watu wakageuka.

"Mpola mpola, nnyabo, pole pole," Rukiah alicheka. "Bado."

"Ukibana na fimbo inakwenda kidogo, ndiyo nguvu hiyo," alisema Atim. "Mkono wako hauchoki, na masitiki inatoka taratibu. Sasa weka kiganja mbele ya sahani. Sukuma fimbo irudi nyuma."

Perpétue alisukuma kwa nguvu zake zote. Fimbo haikurudi hata kidogo.

"Imeshika. Sasa bonyeza kile kiulimi cha nyuma na kidole gumba."

Alibonyeza. Fimbo iliteleza nyuma mara moja, *shaa*.

"Hiyo ndiyo breki yako. Ukifika mwisho wa ufa, gumba. Ukitaka kupumzika, gumba. Nguvu inatoka, masitiki inasimama. Pampu isiyo na gumba nzuri, iache dukani. Mwisho, shika huku na huku, uikamue kama nguo mbichi."

Perpétue aliikamua. Haikupinda. Alitazama sahani ya mbele. Ilikaa sawa, kama kifuniko cha sufuria.

"Ni hii," alisema. Safari hii hakupiga kelele, kwa sababu alijua.

"Ni hiyo," alikubali Rukiah. "Ningekuwa mimi, ningechukua hiyo. Sitaki pesa yako, leo pesa na kesho haitoshi chumvi. Wewe ni mshonaji? Kitambaa ninacho. Unishonee gauni la gomesi kwa harusi ya mdogo wangu."

Perpétue alimkumbatia palepale, katikati ya Kikuubo.

Jumatatu asubuhi jua lilikuwa kali. Zilibaki siku sita. Perpétue alifuata maneno yote ya Atim. Alikwangua nyufa kwa brashi ya waya mpaka kutu na vumbi vikatoka. Alipangusa, akaacha zikauke. Pale ufa ulipokuwa mpana alishindilia kwanza vipande vya nguo kuukuu. Alikata mdomo wa kopo kwa mshazari, tundu dogo tu, likalingana na ufa. Alitoboa utando ulioziba kopo kwa ndani, kwa msumari mrefu. Kisha aliita.

"Baba Emile, lete pampu!"

Mugisho alimletea kwa mikono miwili. Uso wake uling'aa, na pampu nayo iling'aa.

Perpétue alipanda kiti. Aliweka mdomo wa kopo kwenye ufa, akavuta pumzi, akabana.

Mkono wa kubana uliingia bila uzito wowote. Fimbo ilisogea, kisha ikarudi. Alibana tena. Ikasogea, ikarudi. Alibana mara ishirini. Hakuna hata chembe iliyotoka.

"Imekufa," alisema. "Jumamosi ilikuwa nzima. Niliisukuma kwa nguvu zangu zote."

"Yule mama ametudanganya!" alisema Mugisho. "Amebadilisha! Nairudisha sasa hivi!"

Alikuwa amekwisha kuifunga gazetini, anatafuta viatu, Atim alipopita akielekea kwenye basi.

"Ngoja," alisema Atim. "Nipe niione." Aliifungua. Hakuibana. Aliinua fimbo mpaka puani, akanusa. Alimtazama Mugisho. Akanusa tena.

"Inanuka cherehani," alisema.

Mugisho alitazama dari. Perpétue alimtazama Mugisho, pole pole, kutoka viatuni mpaka usoni.

"Baba Emile?"

"Kidogo tu," alisema Mugisho. "Asubuhi. Kabla ya chai."

"Wapi?"

"Kwenye fimbo. Yote. Chuma ni chuma..."

Atim alikaa kwenye kiti akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mugisho! Miaka sita stoo, hii sijaona! Sikiliza, ndugu yangu. Fimbo hii haina meno. Inashikwa na nini? Kuna kibati humu ndani, kinaiuma kwa msuguano. Kinashika chuma kikavu. Wewe umeitia mafuta, sasa kinateleza. Hata wewe, mtu akikupaka mafuta mikononi, utapanda mti?"

"Kwa hiyo imeharibika?" aliuliza Perpétue. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

"Haijaharibika. Chovya nguo kwenye mafuta ya taa, futa fimbo, futa na kile kibati. Kisha kausha kabisa. Kabisa! Mimi basi itaniacha." Akatoka, bado anacheka, na kicheko chake kikasikika mpaka barabarani.

Mugisho alifanya kazi ile mwenyewe. Alifuta kwa mafuta ya taa, akakausha, akafuta tena. Jasho lilimtoka. Lakini kila alipopitisha kidole, fimbo ilikuwa bado inateleza kidogo. Nje mawingu yalikuwa yanaanza kufunika jua. Perpétue alitazama pande zote za chumba, akitafuta kitu chochote kikavu. Macho yake yalitua juu ya meza ya kukatia.

"Chaki!"

Aliichukua chaki ya kuchorea kitambaa, akaiparuza kwenye fimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chaki ilinyonya mafuta, ikageuka kijivu. Aliifuta yote, akaparuza tena. Safari ya pili ilibaki nyeupe. Akafuta mpaka fimbo ikawa safi, akaweka kiganja mbele ya sahani, akasukuma.

Fimbo haikurudi.

"Imeshika!" alisema Mugisho. "Mama, imeshika!"

Perpétue alipanda kiti. Alibana. Utepe mwembamba wa masitiki ulitoka, ukaingia kwenye ufa kana kwamba ulikuwa unaijua njia. Alisogeza mkono. Aliufuata ufa kama anavyoufuata mstari wa mshono, bila haraka, bila kusimama. Alipofika pembeni alibonyeza gumba. Masitiki ikasimama palepale. Alicheka peke yake juu ya kiti. Alipaka kidole maji ya sabuni, akaulainisha utepe mpaka ukalala vizuri. Kisha akahamisha kiti, akaendelea.

Kufikia saa sita alikuwa amezunguka dirisha zima na mstari wote wa paa. Alitumia kopo moja na nusu. Mikono yake ilichoka, lakini ungemwambia kuna ukuta mwingine angeuomba.

Siku hiyo mvua haikunyesha. Jumanne nayo ilikuwa kavu, na masitiki ikapata nafasi ya kushika. Walishona mchana kutwa bila kukimbia. Jumatano saa tisa wingu likaja.

Lilikuja zito na jeusi. Nguo thelathini na mbili zilikuwa zimening'inia kwenye kamba, chini kabisa ya ule mstari wa paa. Mugisho aliruka kuzibeba. Perpétue alimshika mkono.

"Ziache."

"Mama, zikichafuka..."

"Nimesema ziache."

Mugisho alitandaza gazeti sakafuni, ili waone tone la kwanza likianguka. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo. Hawakuweza kusikizana. Walisimama wameshikana mikono, mmoja anatazama juu, mmoja anatazama chini. Maji yalitiririka nje ya dirisha kama mtu anamwaga ndoo. Dakika kumi zikapita. Nusu saa. Mvua ilichoka, ikapungua, ikaisha.

Mugisho aliokota gazeti. Aliligeuza upande huu na upande ule. Alilipapasa kama alivyopapasa kitambaa siku ile ya kwanza.

"Kavu," alisema.

Perpétue alipiga vigelegele. Alivipiga mpaka majirani wakatoka nje, wakidhani kumezaliwa mtoto.

Siku ya Kristo Mfalme watoto arobaini walipanda kilima cha Lubaga kwa mstari. Perpétue na Mugisho walisimama kando ya njia. Perpétue aliwahesabu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa mweupe tangu kola mpaka pindo. Miaka ile watu walikuwa na mengi ya kuogopa, na nyuso nyingi kwenye njia ile zilikuwa zimechoka. Lakini watoto wale walipopita, kila mtu alitabasamu. Atim alisimama nyuma ya Perpétue. Alimgusa bega.

"Arobaini?" aliuliza.

"Arobaini," alisema Perpétue, na machozi yakamtoka.

Baada ya Misa, Katekista Tarcisio alikuja nyumbani mbiombio. Ukumbi wa parokia nao ulikuwa unavuja. Aliomba pampu, na kile kilichobaki kwenye kopo. Perpétue aliishusha ukutani. Tangu Jumatatu ile alikuwa akiitundika mbali kabisa na kopo la mafuta, upande wa pili wa chumba. Tarcisio aliishika, akaibana mara mbili, akaitegea sikio.

"Nzuri sana," alisema. "Lakini inalia kidogo. Hamna mafuta niitie?"

"HAPANA!" alisema Mugisho, kabla mke wake hajafungua mdomo.